Nani Aliikuza Pikapu?



Pikapu ya Ford F-150 ilipoingia sokoni mwaka 1975, ukilinganisha urefu wa kebini na urefu wa bodi ya mizigo, kebini ilichukua asilimia 36 na bodi asilimia 64. Kufikia mwaka 2021 hesabu ilikuwa imepinduka: kebini 63, bodi 37. Na gari lenyewe halikubaki vilevile huku likigawanywa upya. Limerefuka, limepanda juu, limeongezeka uzito. F-150 ya leo yenye milango minne na bodi fupi inakaribia mita 5.9 kwa urefu, na upana wake unafika mita 2 kabla hujahesabu vioo vya pembeni. Familia hiyo ya F ndiyo pikapu inayouzwa kuliko zote Marekani tangu mwaka 1977. Tunazungumzia basi gari la kawaida la taifa zima, ambalo limekua kila upande isipokuwa ule unaobeba mzigo.

Ukiuliza sababu, jibu utakalopewa upesi ni kwamba Wamarekani wanapenda vikubwa. Wana barabara pana, wana mafuta ya bei nafuu, wana ardhi tele. Yote hayo ni kweli, lakini yalikuwa kweli pia katika miaka ya 1970 na 1980, wakati barabara zilezile pana zilipojaa Datsun na Toyota ndogo. Kampuni zao wenyewe zilikuwa zikinunua pikapu ndogo Japani na kuzibandika majina ya Kimarekani: Chevrolet LUV ilitengenezwa na Isuzu, Ford Courier ilitengenezwa na Mazda. Watu walizinunua. Mapenzi ya vikubwa hayawezi kueleza kwa nini vidogo vilitoweka kabisa, hata kwa yule aliyekuwa tayari kulipa.

Ninachoamini, baada ya kulifuatilia jambo hili kwa muda mrefu, ni kwamba ukubwa wa pikapu uliandikwa. Uliandikwa katika sheria ya forodha, katika sheria ya moshi, katika sheria ya mafuta na katika sheria ya kodi, na kila mara uliandikwa kwa namna moja: kanuni kali kwa gari dogo, na mwanya kwa gari lililozidi kipimo fulani. Wahandisi wa magari wakafanya kile ambacho mhandisi yeyote mwenye bosi angefanya. Walisogeza gari hadi likapita kipimo.

Hiyo F-150 yenyewe ni mtoto wa mwanya. Katikati ya miaka ya 1970 serikali ya Marekani ilianza kudai moshi wa magari usafishwe, na magari mapya yakafungwa kile kifaa cha kwenye ekzosi ambacho mafundi wetu hukiita masega, yakalazimika pia kutumia petroli isiyo na risasi. Pikapu zilizo chini ya ratili 6,000, yaani kama kilo 2,700 za gari pamoja na mzigo wake wote, ziliingia katika amri hiyo. Ford tayari ilikuwa na F-100, ambayo iliangukia chini ya mstari. Ikaunda nyingine iliyoimarishwa kidogo tu, ikapita ratili 6,000 kwa hamsini, ikaiita F-150. Hakuna mkulima aliyekuwa ameomba zile ratili hamsini.

Ushuru wa forodha una historia ya ajabu zaidi, nami nitaipitia haraka. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nchi za Soko la Pamoja la Ulaya, zikiongozwa na Ufaransa na Ujerumani Magharibi, zilipandisha ushuru wa kuku wa Kimarekani. Mazungumzo yaliposhindikana, Rais Lyndon Johnson alitia saini tangazo la Desemba 1963 lililoweka ushuru wa asilimia 25 kwa wanga wa viazi, dekstrini, brandi na magari madogo ya mizigo. Aliyelengwa kwenye magari alikuwa Volkswagen. Ushuru wa vile vitu vingine ulikuja kuondolewa. Wa magari ya mizigo upo hadi leo, miaka zaidi ya 60 baadaye. Wajapani walijaribu kuukwepa kwa kuleta gari bila bodi na kuifungia huko huko, hadi mwanya huo ulipozibwa mwaka 1980. Subaru ilifunga viti viwili ndani ya bodi ya pikapu yake ili ihesabiwe kuwa gari la abiria. Ford nayo ilileta vani kutoka Uturuki zikiwa na viti vya nyuma, ikaving'oa zilipofika bandarini, na mwaka 2024 ikakubali kulipa dola milioni 365 kumaliza kesi hiyo. Matokeo ya ushuru huo ni mepesi kuyaeleza. Yeyote duniani anayetengeneza pikapu ndogo nzuri anakuta robo nzima ya bei imeongezwa mlangoni, na pikapu ndogo ina faida ndogo, kwa hiyo haiwezi kuubeba mzigo huo. Toyota Hilux, ambayo sisi hapa tunaijua kuliko jina la diwani wetu, haijauzwa Marekani tangu mwaka 1995.

Sasa nije kwenye sheria ya mafuta. Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo watu wenye nia njema walipoharibu.

Baada ya Waarabu kuzuia mafuta mwaka 1973, Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya mwaka 1975 iliyozitaka kampuni zifikie wastani fulani wa matumizi ya mafuta kwa magari yote zinazouza. Sheria ikatenganisha magari ya abiria na magari mepesi ya mizigo, na ya mizigo yakapewa kiwango cha chini. Ilikuwa haki kwa wakati ule, kwani pikapu ilikuwa chombo cha kazi cha mkulima na fundi. Lakini mara tu unapoweka makundi mawili yenye masharti tofauti, kampuni zitahamia kundi lenye nafuu. Ile Chrysler PT Cruiser ya mwaka 2001, kigari cha familia kisichoweza kubeba hata matofali ya choo kimoja, ilihesabiwa kisheria kuwa gari la mizigo kwa sababu viti vyake vya nyuma viliondoka na sakafu ikabaki bapa.

Wataalamu waliiona kasoro hiyo, wakataka kuirekebisha. Baada ya sheria mpya ya mwaka 2007, kiwango cha kila gari kikaanza kupimwa kwa eneo lililo katikati ya magurudumu yake manne: urefu kutoka tairi la mbele hadi la nyuma, mara upana kutoka kushoto hadi kulia. Eneo likiwa kubwa, gari linaruhusiwa kunywa mafuta zaidi. Nia ilikuwa kuzuia kampuni zisitengeneze vigari vyepesi vya hatari ili tu zivuke mtihani. Tazameni sasa ilivyokuwa kwa pikapu ndogo. Eneo lake ni dogo, kwa hiyo inadaiwa ubanaji wa mafuta unaokaribia wa gari dogo la abiria, ilhali ina umbo la sanduku, fremu nzito na kazi ya kubeba. Mhandisi ana njia mbili. Anaweza kutumia mamilioni ya dola kuibana injini. Au anaweza kusogeza magurudumu mbali zaidi, na mtihani ukawa rahisi.

Watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Michigan, Kate Whitefoot na Steven Skerlos, walilisema hili mapema. Katika makala yao iliyochapishwa katika jarida la Energy Policy walikokotoa kwamba kanuni hiyo ingezipa kampuni sababu ya kuongeza ukubwa wa magari kwa kati ya asilimia 2 na 32, na kwamba magari ya mizigo yangesukumwa zaidi. Desemba 2011 kiwanda cha St. Paul, Minnesota, kilichokuwa kikitengeneza Ford Ranger ndogo, kilifungwa. Jina la Ranger lilirudi Marekani mwaka 2019, likiwa limebandikwa kwenye gari kubwa zaidi.

Kuna pia kodi ya mapato. Kifungu cha 179 cha sheria ya kodi ya Marekani kinamruhusu mfanyabiashara kukata gharama ya kifaa cha kazi mwaka uleule aliokinunua, badala ya kuigawa kwa miaka. Kwa gari la kawaida kuna kikomo kidogo. Gari linalopita ratili 6,000 pamoja na mzigo haliguswi na kikomo hicho. Mwaka 2003 kiwango kilipandishwa hadi dola 100,000, na madaktari wa meno na madalali wa nyumba wakajikuta wanapewa sababu ya kununua Hummer. Aibu hiyo ililifanya Bunge, mwaka uliofuata, kupunguza kiwango cha magari makubwa ya abiria hadi dola 25,000. Pikapu yenye bodi ya futi sita na kuendelea haikuguswa.

Sitaki mtoke hapa mkidhani kampuni zilisukumwa tu. Zilifaidi, na zilichochea. Chrysler ilipotoa Dodge Ram mpya ya mwaka 1994 yenye pua iliyoinuka kama ya malori makubwa ya masafa, mauzo yake yalipanda zaidi ya maradufu. Wengine wakanakili. Ford ilianza kuuza F-150 ya milango minne kamili kwa mwaka wa 2001, na hapo pikapu ikaingia rasmi katika soko la gari la familia. Mwaka 2018 Ford ikatangaza kwamba itaacha karibu magari yote ya kawaida ya abiria Marekani. Faida iko kwenye pikapu, na pikapu kubwa mpya leo huuzwa kwa wastani unaozidi dola 60,000. Mbunifu mmoja wa General Motors aliwahi kueleza hadharani kwamba walitumia muda mwingi kuhakikisha mtu akisimama mbele ya pikapu yao aione kama inamjia. Ninaliheshimu neno hilo kwa ukweli wake. Linatuambia kwamba pua ile ndefu haikutokana na radieta peke yake.

Tuizungumzie basi hiyo pua.

Shirika la Consumer Reports lilipima likakuta kwamba tangu mwaka 2000 boneti za pikapu zimepanda kwa wastani wa asilimia 11, na uzito wa pikapu mpya umeongezeka kwa asilimia 24 kati ya mwaka 2000 na 2018. Boneti ya Ford F-250 ya mwaka 2017 ilikuwa inchi 55 kutoka ardhini, yaani mita 1.4. Mtoto wa miaka tisa aliyesimama wima mbele yake hafikii ukingo. Na dereva aliyekaa juu haoni ardhi iliyo karibu na bampa. Walipolinganisha, waligundua kwamba eneo lisiloonekana mbele ya baadhi ya pikapu ni refu kwa futi 11 kuliko la baadhi ya magari madogo.

Gari la boneti ya chini likimgonga mtu mzima humpiga miguuni, mwili ukapinda na kuangukia juu ya boneti. Ataumia vibaya, lakini ana nafasi. Ukuta wa mita moja na zaidi humpiga kifuani au kichwani, ukamsukuma mbele na chini, na gari linaendelea kumfuata. Taasisi ya bima ya usalama barabarani ya Marekani, IIHS, ilichapisha Novemba 2023 utafiti ulioonyesha kwamba magari yenye boneti inayopita inchi 40 yana uwezekano wa kuua mtembea kwa miguu unaozidi kwa asilimia 45 ule wa magari yenye boneti ya inchi 30 au chini iliyoinama. Justin Tyndall wa Chuo Kikuu cha Hawaii alipata kwamba kila sentimita 10 zinazoongezwa kwenye pua huongeza hatari ya kifo kwa aliyegongwa kwa asilimia 22. Mwaka 2009 magari yaliua watembea kwa miguu 4,109 nchini humo. Mwaka 2022 waliouawa walizidi 7,500. Siwezi kuibebesha pikapu vifo vyote hivyo. Kuna simu mikononi mwa madereva, kuna giza, kuna barabara za kasi zisizo na njia za miguu. Lakini sehemu yake ipo, na imepimwa.

Kuna jambo la kuhuzunisha ndani ya takwimu hizi, nalo ni kwamba hofu inakuwa na akili. Michael Anderson na Maximilian Auffhammer wa Berkeley walionyesha mwaka 2014 kwamba ukigongwa na gari lililo zito zaidi kwa ratili 1,000, uwezekano wa mtu kufa katika gari lako hupanda kwa asilimia 47. Mama anayesoma hivyo atafanya nini? Atanunua kubwa amlinde mwanawe. Jirani yake naye atanunua kubwa kuliko hilo. Kila mmoja ana haki nyumbani kwake, na wote pamoja wanaifanya barabara kuwa mbaya zaidi kwa mtu wa baiskeli na kwa kijana mwenye kigari cha mtumba. Na betri zimeongeza uzito juu ya uzito. Hummer ya umeme inazidi kilo 4,000, na Januari 2023 mwenyekiti wa bodi ya uchunguzi wa ajali ya Marekani, Jennifer Homendy, alionya kwamba betri yake peke yake ina uzito kama wa gari dogo zima.

Nimesema ya anayegongwa. Sasa niseme ya anayefanya kazi, maana huyu naye ameachwa. Fundi paa anataka bodi atakayoifikia akiwa amesimama chini. Kuta za bodi za leo zinamfika kifuani, na mkono wake haufiki sakafuni. Ndiyo maana kampuni zimeanza kufunga ngazi kwenye mlango wa nyuma. Mbao ya plaiwudi ya kawaida ina futi nne kwa nane, na kwenye bodi fupi ya futi tano na nusu inatokeza nje, hivyo mlango wa nyuma unabaki wazi. Katika gereji za nyumba za zamani gari haliingii. Katika maegesho ya mjini gari linapita mistari yote mbele na nyuma. Wapo wanaolihitaji gari kubwa kweli: mwenye tela la farasi, mwenye trekta dogo la kukokota, mkandarasi anayebeba mafundi watano na vifaa vyao. Sina ugomvi nao. Lakini kampuni ya Strategic Vision, inayowahoji wanunuzi wa magari, ilikuta kwamba robo tatu ya wenye pikapu hukokota kitu mara moja kwa mwaka au hawakokoti kabisa, na zaidi ya theluthi moja huweka mzigo kwenye bodi mara moja kwa mwaka au chini ya hapo.

Na anayeitaka ndogo yupo. Ford ilipotoa Maverick mwaka 2021 kwa bei ya kuanzia chini ya dola 20,000, oda za ile inayotumia petroli na umeme pamoja zilijaa upesi kiasi kwamba Januari 2022 kampuni iliacha kuzipokea. Wengine wamekwenda mbali zaidi. Wanaagiza Japani pikapu ndogo zilizotimiza miaka 25, kwa kuwa zikifikia umri huo sheria ya shirikisho inaziondolea viwango vya usalama vya magari mapya. Ninyi mnazijua, hapa tunaziita kirikuu. Sheria ya Japani inaiwekea kirikuu mita 3.4 kwa urefu, mita 1.48 kwa upana na injini ya sentimita za ujazo 660. Urefu wa bodi yake unakaribia mita 2. Bodi ya ile F-150 ya milango minne niliyoitaja mwanzo ina mita 1.7. Kwa uzito kirikuu hailingani nayo hata kidogo, kisheria hubeba kilo 350 tu, na ajalini haimlindi dereva kama gari la kisasa linavyomlinda. Lakini kwa mabomba, magodoro, kreti za soda na matenga ya nyanya, sakafu ndiyo inayotakiwa. Baadhi ya majimbo, Maine na Rhode Island kwa mfano, yalifika hatua ya kukataa kuzisajili, kwa hoja kwamba ni za hatari kwa aliye ndani. Hoja hiyo ina uzito. Ningependa kuona siku jimbo lolote linalikatalia gari usajili kwa hoja kwamba ni la hatari kwa aliye nje.

Kuna walioanza kuandika upya sheria. Mji wa Washington unamtoza mwenye gari linalopita ratili 6,000 dola 500 kwa mwaka kwa usajili. Paris ilipiga kura Februari 2024 na kupandisha mara tatu ada ya maegesho ya magari mazito ya wageni. Kwa upande mwingine, Julai 2025 Bunge la Marekani lilishusha hadi sifuri faini ya kampuni zinazoshindwa kiwango cha mafuta. Sheria ipo, adhabu imeondoka. Nasi tujitazame: Tanzania hutoza ushuru wa bidhaa wa magari ya abiria kwa ngazi za ujazo wa injini. Injini za siku hizi zenye turbo zinaweza kuwa ndogo na bado zikasukuma mwili mkubwa, mzito, wenye pua ndefu. Kipimo chetu hakiuoni mwili huo. Kijana anayetafuta mada ya utafiti anaweza kuanzia hapo.

Na sheria inaweza pia kudai dereva aone. Mwaka 2002 mtoto wa miaka miwili huko Marekani aliuawa na gari la baba yake lilipokuwa likirudi nyuma. Wazazi wake walipigania sheria, ikapita mwaka 2008 ikiwa na jina la mtoto, na tangu Mei 2018 kila gari jipya dogo linalouzwa nchini humo lazima liwe na kamera ya nyuma. Ilichukua miaka kumi kutoka sheria hadi utekelezaji. Kwa upande wa mbele hakuna amri ya namna hiyo. Septemba 2024 mamlaka ya usalama barabarani ilipendekeza boneti zipimwe jinsi zinavyopokea kichwa cha mtu aliyegongwa. Ni hatua, na ninaiunga mkono. Lakini inamshughulikia mtu akiwa ameshagongwa. London tayari inayapa malori yanayozidi tani 12 nyota kutoka sifuri hadi tano, kulingana na kile dereva anachoweza kukiona kwa macho yake kupitia vioo vya kebini, na tangu Oktoba 2024 lori lisilofikia nyota tatu lazima lifungwe vifaa vya ziada vya usalama ndipo liingie mjini. Kipimo hicho kingeweza kutumika kwenye pikapu kesho asubuhi. Mnahitaji kiti, macho ya dereva wa urefu wa kawaida, na nguzo yenye kimo cha mtoto iliyosimamishwa mbele ya bampa.